Kuzunguka Ziwa Biwa na Mzee Nisiyethubutu Kumwamuru

Watu wa Euless, mji ninaoishi Texas, niliwaambia nakwenda Japani kupiga makasia, na hilo lilikuwa kweli. Sikuwaambia kwamba nilikuwa namkimbia bosi wangu. Bi Carol, mkuu wa nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi ya uuguzi, alikuwa ameniomba niwe msimamizi wa zamu ya asubuhi. Mwingine angeshangilia. Mimi niliomba nifikirie kwanza.

Sababu ni Mama Furaha. Huyu ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, amenizidi miaka ishirini, mchapakazi, na ana tabia ya kunyanyua wagonjwa peke yake. Sheria yetu ni watu wawili. Mimi nilikuwa namwona, nampa shikamoo yake, napita. Mwezi mmoja kabla ya safari kiuno kilimkamata akalala nyumbani wiki nzima, na nilijua kabisa kwamba nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Nimelelewa Tanga. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa "acha". Anazunguka, anaomba radhi, anatafuta mtu wa makamo amsemee.

"Nipe jibu ukirudi," Bi Carol alisema.

Makasia nilianza kwa ajili ya mgongo. Kila Jumamosi naendesha hadi ziwa la Lewisville, ambako kuna kikundi cha watu wazima wanaopenda kujichosha kwa hiari. Mwaka ule kikundi kilialikwa kwenye msafara wa watu wa nchi mbalimbali, kuzunguka Ziwa Biwa kwa siku sita. Wengine walibanwa na kazi, nikabaki mimi. Rafiki yangu Salma wa Stafford alinipigia simu kunisuta.

"Mwanaidi, leave yako yote unaimaliza kwa ku-row? Wenzio wakienda ziwani wanapanda boti ya injini."

Alfajiri ya Jumamosi nilipanda ndege DFW. Nikabadilisha ndege Tokyo, nikashuka Osaka, nikachukua treni hadi Otsu, mji ulio kwenye ncha ya kusini ya ziwa. Nilifika miguu imevimba, lakini nilipoliona lile ziwa usingizi wote ukanitoka. Milima imelizunguka, na upande wa kaskazini hauoni ng'ambo.

Siku ya kwanza, Otsu. Tulikuwa watu ishirini, boti nne. Katika kila boti wanne wanavuta makasia na wa tano anakaa nyuma kushika usukani, na kila saa mnapokezana. Kiongozi wa msafara alikuwa Greta, mama wa Kidenmaki mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Boti yetu ilikuwa na mke na mume Wajerumani, Greta mwenyewe, mimi, na Mzee Nishida, mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne. Mzee alikaa kiti cha kwanza, kile kinachotazamana na mshika usukani. Asiyewahi kupiga makasia ajue hivi: wavutaji wote wanakaa kinyumenyume. Hawaoni waendako. Anayeona ni mmoja tu, wa usukani.

Jioni tulilala kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya ufuko wa misonobari. Nilipewa samaki aliyevundikwa na wali kwa muda mrefu, chakula chao cha heshima. Harufu yake ilinikaribisha kabla ya mwenye nyumba. Nilikula kipande, nikashukuru, nikahamia kwenye wali mweupe nao nikausamehe kwa kukosa nazi.

Siku ya pili tulipita lango jekundu la hekalu lililosimama majini peke yake, tukafika Imazu na malengelenge mikononi. Zamu zangu za usukani zilikwenda salama kwa sababu ziwa lilikuwa wazi na halikuwa na cha kugonga. Nikaanza kujiona nahodha.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilishika usukani karibu na ufuko. Wavuvi wa pale husimika vigingi majini, safu ndefu yenye nyavu, samaki aingie asijue pa kutokea. Niliviona mapema. Kilichotakiwa ni neno moja, "simama", na makasia yanazamishwa majini, boti inasimama. Mbele yangu alikaa Mzee Nishida mwenye mvi, ananitazama. Neno halikutoka. Badala yake nikasikia Kiingereza changu kikisema, "Mzee Nishida, samahani sana, kama hutajali, naomba kwa hisani yako upunguze kidogo..."

Hapo kwenye "kidogo" tukagonga. Kasia la yule mume Mjerumani liliingia kati ya vigingi viwili likavunjika, boti ikageuka ubavu, maji yakaingia hadi vifundoni. Hakuna aliyeumia. Wavu ulichanika. Nilitamani nishuke nitembee juu ya maji hadi Texas.

Mchana huohuo Mzee Nishida alinichukua kwenda kwa mwenye wavu. Alinieleza njiani kwamba kwao mshika usukani huenda mwenyewe kuomba radhi, hatumi mtu. Mwenye wavu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabuti ya mpira. Mzee aliinama. Mimi nikapiga goti, kama ningefanya nyumbani. Yule mama alinishika mkono akaninyanyua, akasema maneno ambayo Mzee alinitafsiria.

"Anasema wavu unashoneka. Anauliza kama ulikuwa umelala."

"Mwambie nilikuwa macho," nilijibu. "Nilikuwa naona aibu kukuamuru."

Mzee hakutafsiri. Aliinama tena, tukarudi kwenye boti.

Jioni Greta alinifuata nikiosha malengelenge. Aliongea kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi. "Mwanaidi, si lazima ushike usukani tena. Unavuta vizuri. Siku zilizobaki vuta tu."

Nilishukuru. Moyo ulitulia kabisa, na ule utulivu ndio ulionitisha. Niliutambua. Ndio ambao ningeupata Jumatatu kwa kumwambia Bi Carol hapana, na Mama Furaha angeendelea kunyanyua watu peke yake hadi kiuno kimshinde moja kwa moja.

Siku ya nne asubuhi, Nagahama, upepo wa kaskazini ulikuwa umeamka na ziwa lilikuwa na mawimbi. Mzee Nishida alikuja na kikombe cha chai, akakaa kando yangu.

"Nimemwambia Greta leo usukani ni wako," alisema.

"Mzee, jana nimewavunjia kasia."

"Siku tatu nimekaa nikikutazama usoni. Kila hatari naiona kwanza machoni mwako, halafu nasubiri sentensi yako iishe." Alikunywa chai. "Huku kwetu pia mzee haamrishwi. Mke wangu peke yake ndiye aliyepewa ruhusa. Lakini ndani ya boti nimeipa njia mgongo. Sina macho mengine isipokuwa yako. Ukininyima neno fupi, hujaniheshimu, umeniacha gizani."

Nilitaka kulia na sikulia, maana Greta alikuwa anatuita.

Nje ya bandari wimbi la kwanza lilitupiga ubavuni. "Kushoto, vuta," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba. Mzee alivuta. Wimbi jingine. "Simama. Vuta. Wote, vuta." Kila nilichosema, yule mzee alikifanya papo hapo, bila kukunja uso. Saa mbili nzima nilimwamuru mtu wa umri wa baba yangu, na tulipoiona ngome ya Hikone juu ya kilima, nguo zetu zilikuwa zimelowa chapachapa na boti haikuwa na mkwaruzo mpya. Nilifurahi waziwazi, nikacheka peke yangu kwenye usukani.

Siku ya tano na ya sita ziwa lilitulia. Tulipita chini ya daraja kubwa tukaingia Otsu mchana, tukakumbatiana. Mzee Nishida hakukumbatia. Aliinama, nami nikapiga goti.

Jumatatu, Euless. Nilimwambia Bi Carol ndiyo kabla hajaniuliza habari za Japani. Kesho yake, zamu yangu ya kwanza, nilipita chumba cha bibi mmoja asiyeweza kusimama, nikamkuta Mama Furaha ameinama, mikono tayari chini ya kwapa za mgonjwa.

"Shikamoo, mama," nilisema. Kisha nikasema, "Acha. Ningoje."

Aliacha. Alijinyoosha polepole, mkono kiunoni, akanigeukia.

"Tangu mwaka yenye ilipita niko naona vile unaniangaliaka," alisema. "Nilikuwa nangojea useme."

Nikavaa glavu, nikashika upande wangu.