Kiapo cha Baba Mkwe

Siku hizi nikinywa, nalala pale pale nilipokunywa. Wanangu wananicheka. "Papa, pikipiki ziko mingi, unalala kwa watu ya nini?" Wana haki. Mtu akizidiwa anaweza kuita kijana wa pikipiki ambaye hajanywa, akafikishwa mlangoni, na polisi wakakosa la kumwuliza. Mimi naomba mkeka. Mke wangu ameshazoea, hakeshi akinisubiri.

Wakati wa vita tulikaa katika parsele, yaani kiwanja, ya baba wa mke wangu, karibu na mto, upande wa stesheni. Nilikuwa karani wa reli, ingawa treni zilikuwa hazifiki tena. Wazazi wangu walitoka Kasai, watu wa kanisa. Watu wa mke wangu ni Waislamu wa Kindu tangu zamani. Mzee alinipa binti yake bila kunitaka nibadili dini, na ndugu zake walimlaumu sana. Aliniomba jambo moja: nisiingie kwake nimelewa. Nikaahidi. Ndugu waliporudi na lawama zao aliwajibu, "Amenipa neno. Linatosha."

Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa kushuhudia. Ugomvi wa mpaka, wa mahari au wa urithi ukikwama, watu walimwendea yeye. Hakupendelea, hakupokea zawadi, na akishasema, "Mimi nilikuwapo," pande zote mbili zilinyamaza, Waislamu na Wakristo.

Nilianza kunywa vita vilipotukalisha bila kazi. Nilivuka mto hadi Alunguli, ambako mama mmoja alipika lutuku, pombe kali ya mihogo na mahindi. Askari walioshika mji walikuwa wameweka kuvrefe: jua likizama, mtu asionekane njiani wala mtoni. Waliokamatwa wakivuka gizani, baadhi yao hawakurudi. Kwa hiyo wauza pombe walikuwa na desturi yao: mlevi aliyechelewa alitandikiwa mkeka, akavuka asubuhi. Hakuna aliyeona haya.

Siku moja jua lilizama nikiwa bado na kikombe mkononi. Yule mama akaleta mkeka.

"Papa ya batoto, lala. Mutoni njo kubaya."

"Silali."

"Unaogopa bibi atakuchapa?"

Wenzangu wakacheka.

"Si bibi," nikasema. "Baba mukwe."

"Basi lala. Ukifika maiti, baba mukwe njo atakuona vizuri."

Wakacheka tena, lakini mimi nilikuwa na hesabu zangu. Kila alfajiri mzee alipita ufukoni akitoka msikitini, saa ileile mitumbwi ya kwanza inapofika. Angeniona nikishuka na macho mekundu, akajua. Nikapima risasi ya askari na uso wa mzee, nikaona heri risasi. Ningepenya gizani na kuingia kwa mlango wa nyuma, yeye amelala.

Mvuvi mmoja tuliyekuwa tukinywa naye akanivusha. Alinishusha kwenye majani marefu, akageuza mtumbwi. Nilipanda ukingo, nikateleza, nikaanguka. Mbwa akabweka. Mara tochi ikanimulika, askari wawili wakanipigisha magoti kwenye tope.

"Huyu njo mupelelezi," mmoja akasema. "Anatoka kwa watu ya pori."

Kisha nikaona taa ya mafuta ikija kutoka upande wa nyumba yetu. Mzee alikuwa amesikia sauti, akatoka na kanzu yake, katika saa ile ile iliyokatazwa kwake pia. Alitembea polepole, taa ameiinua ili aonekane vizuri.

"Mzee, rudia pale pale. Kuvrefe haijue mzee."

"Huyu ni mukwe wangu. Nilimutuma ngambo kutafuta dawa. Bibi yangu anagonjwa."

Askari akaniinamia, akaninusa. "Dawa yenyewe iko wapi? Ameikunywa yote?"

Mwenzake akacheka.

"Hakuipata," mzee akasema.

"Unaapa kama njo wewe ulimutuma?"

Mzee akaihamishia taa mkono wa kushoto. Bado nilikuwa na akili ya kusema, "Hapana, nilikwenda kunywa." Kinywa changu kilikuwa kizima. Sikusema. Mzee akainua mkono wa kulia, akaapa kwa jina la Mungu kwamba yeye ndiye aliyenituma.

Wakatuachilia. Alinishika mkono njia nzima kwa sababu nilikuwa nayumba. Mlangoni akaniambia, "Oga kwanza. Mutoto wangu asikunuse." Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipokufa. Mke wangu nilimwambia kwamba askari walinichelewesha, na akaniamini.

Vita vilipopoa, mjane mmoja jirani yetu alikuja barazani. Ndugu wa marehemu walikuwa wanataka kumtoa katika nyumba yake. Mumewe, kabla ya kufa, alitamka mbele ya mzee kwamba nyumba ni ya mkewe. Shahidi mwingine hakuwapo. Nilikuwa nimeketi hapo hapo, nasikia yote.

"Baba, wewe ulikuwa pale," mjane akasema.

"Nilikuwa."

"Basi kuja useme mbele ya wazee."

"Tafuta mwingine, binti yangu. Kinywa changu hakifai tena kuapa."

"Kinywa chako, baba? Kama chako hakifai, cha nani kitafaa?"

Mjane akanigeukia mimi, akidhani nitamsaidia kumbembeleza. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: kwamba mzee aliapa uongo mara moja, kwa ajili yangu, na kwamba aibu ile ni yangu, si yake. Labda angesimama, akachukua fimbo yake, akaenda. Nikaondoka, nikaingia ndani kuomba maji ya kunywa.

Mjane akatolewa. Akarudi kwao Lokandu kwa mtumbwi, na sufuria zake na godoro lililokunjwa. Mzee alimtazama kutoka kwenye kiti chake hadi mtumbwi ukapotea. Watu waliacha kumjia, mmoja mmoja, na baraza ikabaki na sisi wawili tu, tusiozungumza.

Mke wangu huwa anasema baba yake aliacha kushuhudia kwa sababu ya uzee. Juzi alisema tena hivyo, tukiwa tunakula. Nikamjibu kwamba ndiyo, ulikuwa uzee. Akanisogezea sahani ya samaki, nikaendelea kula.