Aliyechomoa Pini ya Stendi

Jirani yangu wa hapa Matinyani, fundi wa pikipiki, amefariki, na Jumamosi tulimzika. Wasomaji wangu mnajua safari yangu ndefu huwa ni kutoka kitandani hadi kiti cha nje, lakini siku hiyo nilivuka ua, na viatu nikavaa. Nilirudi bila kugusa chakula cha matanga, wala si kwa huzuni peke yake.

Gereji yake ilikuwa kando ya jiko la mkewe, na fahari yake ilikuwa stendi ya kuinulia pikipiki, aliyoichomelea mwenyewe kwa mabomba ya maji. Unapandisha pikipiki kwenye ubao, unafunga gurudumu la mbele kwa mpira wa tyubu, unakandamiza mtaimbo, ubao unapanda hadi kiunoni, kisha unatia pini. "Pini ndiyo inabeba," alikuwa akiniambia. "Wewe jirani kaa hapo kwenye debe, usinisaidie." Nikamtii kwa moyo wote. Ni kazi pekee niliyowahi kuifanya vizuri.

Nilikuwa kwenye debe hilo siku shemasi mmoja alipokuwa akingojea pikipiki yake, anataka kwenda kuhubiri Kyuso.

"Fundi, roho za watu zinangoja!"

"Zingoje oili iishe kuchuruzika, shemasi."

Fundi akainama, akaingiza mkono chini ya ubao avute karai la oili. Shemasi, kwa haraka yake ya kuokoa roho, akachomoa pini. Nilipiga kelele, "Aiya, mkono!" lakini chuma hakisikii; ubao ukamshukia mkononi, pikipiki ikiwa juu yake. Mkono ule wa kulia haukushika spana tena.

Baada ya siku chache ukaja ujumbe wa wazee wa kanisa, shemasi akiwa miongoni mwao. Kwetu mgeni haondoki mdomo mkavu, kwa hiyo mke wa fundi akachinja jogoo, akampakulia hata aliyemvunjia mumewe riziki. Waliomba kwa kirefu, kisha kiongozi wao akatangaza, "Shetani alitujaribu. Sisi kama kanisa tumemsamehe shemasi."

Nikasema, "Shetani sikumwona. Nilimwona shemasi akichomoa pini."

"Wewe baiskeli tu inakushinda, pini utaijulia wapi?" kiongozi akanijibu. Wakacheka. Hapo, kusema kweli, hawakukosea.

Fundi, mkono kwenye bandeji, akamgeukia shemasi. "Sitaki kitu chako, ndugu. Sema tu ulichomoa."

Shemasi akaweka paja la kuku chini polepole. "Mambo ya Mungu hayachunguzwi." Amina zikajaa nyumba.

Miaka yote iliyofuata fundi aliomba neno hilo moja, nao wakasema ana uchungu moyoni, na uchungu ni dhambi. Yaani aliyepondwa ndiye akawa wa kuombewa! Jumamosi shemasi, sasa mvi tupu, alishika kipaza sauti kando ya jeneza: "Stendi ilimponyoka ndugu yetu, akavumilia." Mjane akainamisha kichwa. Mimi nilitema mate, na simwombi mtu radhi.

Msamaha si sadaka ya kuchangishwa na kamati. Mwenye kusamehe ni mwenye kidonda, naye husamehe akishasikia ukweli kutoka kwa aliyemjeruhi. Ukimwangushia mtu chuma, nenda peke yako, mikono mitupu, kabla hawajakuchinjia kuku, useme: ni mimi. Sasa shemasi hata akitaka kusema, wa kumwambia yuko chini ya udongo.