Karakana ya Mtu Mmoja

Tulipoingia kidato cha tatu, wasichana wenzangu wote waliacha fizikia. Siku ya kuchagua masomo walibeba viti vyao wakahamia darasa la jirani wakicheka, nikabaki na wavulana wachache ambao hawakujua waniweke wapi. Maabarani walijipanga wawili wawili. Mimi niliunga nyaya zangu mwenyewe, balbu ikawaka, nikageuka kutafuta wa kumwonyesha.

Nyumbani Endasak, baba aliuliza mara moja tu masomo hayo yangenifikisha wapi. Sikujua. Mwalimu alikuwa ametaja rubani na mhandisi, watu ambao kijijini kwetu hakuna aliyewahi kuwaona. Baba akatikisa kichwa, akaendelea kupukuchua mahindi.

Nimekuwa fundi wa vifaa tiba. Nafanya kazi hospitalini Haydom, nakagua na kutengeneza mashine za oksijeni, za eksirei, na zile za kuwapa joto watoto njiti. Wagonjwa wanashuka kwenye basi wamejifunika mashuka, wanapokelewa na wauguzi, wanaonwa na madaktari, na wakipona wanarudi kuwashukuru hao hao. Kwenye karakana hapiti mtu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nabeba sahani yangu hadi kantini, lakini madaktari hukaa na madaktari, wauguzi na wauguzi, na nikifika mimi mazungumzo yalipungua kwa adabu. Siku hizi nakula karakanani, nimewasha redio.

Kijijini wanaamini mimi ni nesi. Mama alijaribu kuwaeleza, akachoka. Likizo moja, tukichambua maharage, aliniuliza, "Sasa huko unaongea na nani kutwa nzima?" Nikamwambia kuna watu wengi. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye ungo wake.

Mwaka jana shule yangu ya zamani iliniita nizungumze na kidato cha pili kuhusu kazi anazoweza kufanya mtu aliyesoma fizikia. Mwalimu wa taaluma alinipokea getini, akaniomba niwaambie mazuri, kwa sababu wanaliogopa somo. Nikawaambia. Niliwaeleza kuhusu rafiki yangu wa chuo anayepima mvua na upepo kwenye kituo cha hali ya hewa, na mwingine anayepanda minara ya simu. Nikataja umeme, madini, barabara, ndege, na ualimu pia. Waliandika kila kitu, vichwa vimeinama.

Kisha msichana mmoja aliyevaa sweta lenye mikono mirefu kuliko yake akasimama.

"Shikamoo, dada. Huko kazini kwako, mafundi wasichana mko wangapi?"

Mwalimu alinitazama. Ningeweza kusema tunaongezeka.

"Niko peke yangu," nikasema.

"Na hapa shuleni?"

"Nilikuwa peke yangu."

Alishukuru, akakaa. Nikaona nisiwaache hapo. Nikawaambia kwamba kuna asubuhi naingia wodi ya watoto kukagua mashine, nakuta mtoto aliyekuwa amelala humo ameshapewa mama yake, ananyonya. Mama hanijui. Nasimama kidogo, halafu natoka. Nilitaka kuwaambia kwamba dakika hiyo inanitosha, lakini haikuwa kweli kila siku, kwa hiyo nikaishia hapo. Sikujua kama nimewavutia au nimewatisha.

Mwaka huu, walipokwisha kuchagua masomo, mwalimu alinipigia simu. Wasichana wawili wamebaki na fizikia. Yule aliyeuliza hayumo, amekwenda masomo ya sanaa. Mwalimu alipomuuliza sababu, alisema tu kwamba hataki kukaa peke yake. Sauti ya mwalimu haikuwa ya kunilaumu, ila alitulia kabla ya kuendelea, nami nikaelewa kwamba angependa ningejibu vinginevyo.

Baada ya simu nilikaa kwenye stuli, mashine ya oksijeni iko wazi mbele yangu. Nilimwelewa yule binti. Ningekuwa na dada wa kunieleza mapema, huenda nami ningebeba kiti changu.

Jioni nilimpigia mwalimu, nikamwomba likizo ikifika awalete wale wawili Haydom waione karakana, nitawapikia mwenyewe. Alisema atazungumza na wazazi wao. Nimenunua viti viwili vya plastiki. Likizo imepita, hawakuja, na sasa naweka vifaa juu ya viti hivyo.