Udongo Mweupe Mbele ya Bawa

Siku ya kwanza ya kazi walinipa ndoo na kitambaa, wakanionyesha bawa la ndege. Nilikuwa nimetoka Mushaki, kuchunga ng'ombe. Masomo niliyaachia mu primaire, shule ya musingi. Nilidhani nitabeba magunia kama wengine pale uwanja wa ndege wa Walikale. Leo ninasema bila haya: katika pori lote lile hakuna muntu aliyejua ngozi ya bawa kunishinda mimi.

Mukubwa wangu tulimwita Papa Ingénieur. Kampuni ya ndege ndogo ilimutuma atafute umbo la bawa litakalopandisha ndege mapema, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa mufupi na mwisho wake miti imesimama kama ukuta. Alinieleza kwa uvumilivu. Hewa ikifika mbele ya bawa inapita imetulia, tabaka juu ya tabaka, kama muto penye hakuna jiwe. Hiyo wanaita laminaire. Halafu mahali fulani inachafuka, inaanza kujizungusha. Hiyo ni turbulence, na inavuta ndege nyuma. Kazi yetu ilikuwa kujua inachafukia wapi, na kusukuma mahali hapo paende nyuma zaidi.

Lakini hewa haionekani. Njo tukapaka bawa udongo mweupe mwembamba, mimi nikausugua na karatasi ya musasa mpaka uwe kama shavu la mutoto. Tulipuliza mafuta mepesi juu yake, weupe ukapotea. Ndege ikazunguka angani, ikarudi. Penye hewa imechafuka mafuta yalikuwa yamekauka mbio na weupe umerudi. Penye imetulia, bado giza. Na mududu mumoja akigonga pale mbele, nyuma yake unaona alama nyeupe inapanuka kama mukia wa kuku. Watu wa soko walikuja kuangalia, watoto wanacheka.

"Mimi niko na hesabu," Papa Ingénieur aliniambia, "wewe uko na mikono. Mumoja akikosa, kazi imekufa."

Maneno hayo nimeyashika hata leo.

Sasa sikilizeni ya ile siku. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, uwanja ni matope, na Papa Ingénieur alikuwa Goma. Watu wa Itebero walifika na tipoyi, kile kitanda cha kubeba mabegani. Juu yake mama mumoja, uchungu wa kuzaa umemushinda, munganga amesema apelekwe Goma haraka. Tukamuingiza ndani ya ndege. Wakati ninafunga mizigo, baba mukwe wake, muzee aliyezoea kuuza ndizi pale uwanjani, alichota udongo mweupe wa mutoni akapaka mabawa yote mawili pale mbele, mukono muzima, munene. Kwao njo desturi: muntu akitoka porini na hatari, chombo kinachomubeba kinapakwa mbele kumukinga.

Nikachukua kitambaa. Muzee akasimama mbele yangu.

"Ukipangusa, mutoto wangu anashuka. Hatasafiri uchi."

Rubani alisema kupitia dirisha kwamba na matope yale mbele ya bawa, yeye haruki. Ndani mama alilia, halafu akanyamaza. Kule kunyamaza njo kulinitisha.

Nikaweka kitambaa chini.

"Papa, unakumbuka ule mukia mweupe kwenye bawa, watoto wakacheka?"

"Ule wa mududu."

"Mududu ni mudogo. Mukono wako ni mukubwa. Hewa itachafukia palepale mbele, ndege itachelewa kupanda, na miti iko pale."

Aliangalia miti, akaniangalia mimi. "Wewe wa Mushaki. Ng'ombe zako zilikuwa zinaruka?"

"Hazikuruka, Papa. Njo maana nilikuja kujifunza huku."

Watu wakacheka kidogo, yeye hapana. Akauliza ni wapi kwenye ndege udongo hautasumbua hewa. Nikamuonyesha mulango, upande wa ndani, karibu na kichwa cha mama.

"Sawa. Lakini mukono wangu njo uliweka," alisema. "Mukono wangu njo utatoa."

Nilishika ndoo, yeye akaosha. Kila alipomaliza nilipitisha kiganja, nikimuonyesha penye bado kunakwaruza, naye anarudia kuosha. Halafu akachota udongo tena, akapanda, akaweka kiganja cheupe ndani ya mulango, akashuka. Ndege ikakimbia kwenye matope, ikainuka, magurudumu yakapita juu ya miti. Muzee alibaki amesimama, mikono inadondosha maji meupe, mpaka sauti ikaisha.

Jioni habari ilikuja kwa phonie, ile redio ya uwanjani: mama muzima, mutoto musichana.

Papa Ingénieur aliporudi na ndege ile, aliona alama mulangoni. Nikamueleza yote. Akafikiri, akasema, "Hapo usioshe."

Bega langu limechoka kusugua, halipandi tena, nimerudi Mushaki kwa ng'ombe zangu. Papa Ingénieur alienda na michoro yake. Ndani ya michoro ile kuna mikono yangu, musiambiwe tofauti. Kila bawa lililotua Walikale wakati wangu niliosha mimi. Ule mulango sikuugusa.