Mwalimu Aliyesahihisha kwa Masikio

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipata kumi na nne kwa mia katika jaribio la hesabu. Karatasi niliikunja mara nne nikaificha ndani ya daftari la jografia, na mama aliiona siku hiyo hiyo. Hakunigombeza. Aliisoma yote, hata maswali ambayo sikuyajibu, kisha akasema, "Kesho baada ya Alasiri utakwenda kwa mwalimu."

Mwalimu alikuwa jirani yetu pale Kiembe Samaki, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisomesha hesabu miaka mingi Mji Mkongwe, mpaka maradhi ya sukari yakamchukua macho na akaacha kazi. Mimi nilimjua kwa mbali tu. Kila nikitoka skuli nilimkuta amekaa barazani na redio yake ndogo, nikamwamkia, akaitikia, nikapita. Nilimuuliza mama, "Atanisahihishaje na haoni?"

"Hilo kamuulize yeye," mama akanijibu.

Sikuthubutu kumuuliza. Siku ya pili nilifika na daftari, kalamu na kitabu cha hesabu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapa karibu, nikusikie vizuri." Akaizima redio. "Nambie, logi ni nini?"

Nilimpa maelezo ya kitabuni kwa Kiingereza, kama tulivyokaririshwa, bila kuacha hata neno moja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umehifadhi vizuri. Sasa nambie kwa Kiswahili, kama unamwambia mama yako jikoni."

Nilikuwa nimeshafanya logi wiki nne nzima, lakini sikuwa na neno langu hata moja la kuieleza. Mwalimu hakuniharakisha. Baadaye akaniuliza mwenyewe, "Kumi ukiipa kipeo gani utapata mia?"

"Mbili."

"Basi hiyo mbili ndiyo logi ya mia. Na ya elfu?"

"Tatu."

"Kumbe unajua."

Tukaenda kwenye karatasi yangu ya jaribio. Akaniambia nimsomee nilichoandika, mstari kwa mstari, na kila mstari niseme nimeutoa wapi. Nikasoma: logi ya namba mbili zilizojumlishwa ni sawa na logi ya hii kujumlisha logi ya ile.

"Hapo pana sababu gani?"

"Naona ndivyo ilivyo."

"Hebu tuijaribu kwa kumi na kumi. Logi ya kumi ni ngapi?"

"Moja."

"Na ya kumi ya pili ni moja. Zijumlishe."

"Mbili."

"Mbili ni logi ya namba gani?"

"Ya mia."

"Na kumi kujumlisha kumi ni mia?"

Nilicheka, naye akacheka. Kosa hilo nilikuwa nimelifanya mara saba katika karatasi moja, na mwalimu wa darasani alilipigia alama nyekundu mara zote saba. Alama nyekundu haikuwahi kunambia kwa nini.

Tukaendelea hivyo, siku tatu kwa wiki. Ule mtindo ulinichosha mwanzoni. Nilikuwa nimezoea kuandika haraka na kuruka hatua, kisha kukimbilia nyuma ya kitabu kutazama jibu. Kwa mwalimu kurukaruka hakukuwezekana. Nikisema "kwa hiyo", anauliza, "Kwa hiyo kutoka wapi?" Nikihamisha namba upande wa pili wa mlinganyo, lazima niseme nimetoa nini pande zote mbili. Ndege zinazoshuka uwanjani zilipita karibu na mapaa yetu, na kila ikija moja mwalimu aliinua mkono, tukangoja. Kelele zikiondoka, alinirudisha palepale nilipokatia, kama kwamba daftari analo yeye.

Siku moja aliniambia nithibitishe kwamba witiri mbili ukizijumlisha unapata shufwa. Niliona rahisi. Nikasema witiri yoyote ni shufwa kuongeza moja, kwa hiyo ya kwanza ni mbili mara n kuongeza moja, na ya pili ni mbili mara n kuongeza moja.

"Ya kwanza umeiita n, na ya pili n?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi umechukua namba moja ukaijumlisha na nafsi yake. Saba na saba umenithibitishia. Tatu na tisa je?"

Nilikaa nikilitazama daftari langu. Kosa lilikuwa kwenye herufi moja tu, nami niliyekuwa na macho sikuliona. Nikaipa ya pili herufi nyengine, nikaanza upya, na safari hii ikatoka.

Siku ninayoikumbuka zaidi ilikuja katika mada ya mifuatano. Mwalimu alizoea kunitungia maswali kwa kichwa. Akasema, "Andika. Tano, nane, kumi na moja, inaendelea vivyo hivyo. Mia ni namba ya ngapi katika mfuatano huo?"

Nikafanya. Nikapata thelathini na mbili na vipande. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikajiona nimeshakosea kama kawaida yangu, nikaifuta na kuanza tena kwa tano.

"Mbona kimya?" akaniuliza. "Jibu ni thelathini na tatu. Wewe umepata ngapi?"

Kumwambia mtu mzima kwamba amekosea sikuwahi kufundishwa, seuze mwalimu, tena mwalimu aliyenisaidia kiasi kile. Nilifungua mdomo na ndege ikaja. Akainua mkono wake. Ule muda wa kungoja ulinipa nafasi ya kuzitazama zile namba tena, na ndipo nilipokiona kitu.

Ndege ilipopita nikasema, pole pole, "Mia haimo, mwalimu."

"Haimo?"

"Haimo."

"Thibitisha."

Nikamwambia tunaanza na tano, na tano ukiigawa kwa tatu inabaki mbili. Kisha kila mara tunaongeza tatu kamili, kwa hiyo kile kinachobaki hakibadiliki, kitakuwa mbili daima hata tufike wapi. Lakini mia ukiigawa kwa tatu inabaki moja. Basi haiwezi kuwamo.

Niliona vidole vyake vinahesabu juu ya goti. Nilidhani nimemuudhi, nikataka kumuomba radhi.

"Ni sawa," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea." Halafu akajigusa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Macho nshayazoea kwamba hayapo. Nnachokiogopa ni hiki nacho kisije kikaondoka."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sikuwa na maneno ya kumliwaza mtu mzima. Nilichokuwa nacho ni lile daftari, basi nikalitazama. "Mwalimu," nikamwambia, "nadhani ulikusudia mia na moja. Mia na moja ni ya thelathini na tatu khasa."

Akahesabu tena. Uso wake ukafunguka. Akamwita binti yake aliyekuwa ndani, akamwambia aje barazani, akaniambia nirudie uthibitisho wote mbele yake. Yule dada alisimama mlangoni na mwiko mkononi akisikiliza habari za kugawa kwa tatu, na sina hakika kama alifahamu, lakini alitabasamu mpaka nilipomaliza. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu mwengine.

Katika mtihani wa kidato cha nne nilifanya hesabu nikiinong'oneza, maana nilikuwa sijui tena kuifanya kimya. Msimamizi alikuja kusimama nyuma yangu mara mbili, akidhani nazungumza na mwenzangu. Nilipata B. Wapo waliopata A katika darasa letu, na sikuwaonea wivu. Leo nafanya kazi katika maabara ya kupima maji, ambako hazipiti siku mbili bila ya mimi kuhitaji logi, na vijana wanaokuja kujifunza kazi huwaambia wanieleze kwa Kiswahili walichokifanya kabla sijatazama walichoandika.

Mwalimu alihamia Kizimkazi, kwa binti yake aliyeolewa huko. Mwaka jana nilikwenda kumtazama, nikamwambia kile nilichochelewa kumwambia, kwamba kama si yeye nisingefika nilipofika.

"Na mimi nikushukuru," akasema. "Nilipoacha kazi kila aliyepita pale barazani alinambia pole. Wewe ulikuja na masuala ya hesabu."

Nikamwambia ni mama aliyenilazimisha.

"Najua," akasema. "Mama yako alikuja kuniomba nikusomeshe, siku moja kabla. Nilimkatalia. Akanambia, haya, lakini mtoto nshamwambia aje, wewe mwenyewe utamrudisha."

Hilo sikuwa nikilijua. Niliporudi mjini nilipitia kwanza kwa mama.