Vifua Vitatu Dirishani

Saa moja asubuhi fundi cherehani ameshauvuka uwanja, bahasha kubwa ya kaki kwapani. Nyuma yake dirisha la chumba cha kushonea limebaki na tundu katikati.

"Wifi, umemchukua nani?" anauliza dada wa marehemu mumewe kutoka mlangoni, ufagio mkononi.

"Nimejichukua mwenyewe!" anajibu fundi bila kugeuka. "Nani mwingine atakubali kupanga foleni na mimi?"

Mtaani wanamwita Mama Pindo. Ameshona sare za shule miaka ishirini, na rekodi za afya za nyumba yake hukaa dirishani.

Miaka tisa iliyopita kifua kikuu kiliingia ndani. Wakapigwa picha za eksirei watatu: mume, mama mkwe na yeye. Yeye akapona. Wenzake walikuwa wamechelewa.

Baadaye vioo vya dirisha vikavunjika, mfuko ukiwa mtupu. Fundi akashika mkasi wa kitambaa, akapunguza kingo za picha na kuzipachika kwenye fremu. Majina yalikuwa kwenye kingo.

"Chini ya godoro zilikuwa zinajikunja," anasema. "Dirishani hazipotei. Mimi nilijiweka katikati."

Jua likichomoza, vifua vitatu hutua ukutani juu ya cherehani, mbavu kwa mbavu. Upepo ukipiga, ungeapa vinapumua. Wateja wengine hupokelea nguo zao nje.

Safari ya leo ina sababu. Picha mpya imeonyesha doa kwenye pafu la kulia. Daktari amemwambia wazi: kama doa lilikuwepo zamani, ni kovu. Kama halikuwepo, watampasua.

Hospitalini, daktari anazitundika picha mbili kwenye taa. Anaisogelea ile ya zamani.

"Mama, mwenye picha hii ya zamani alipona?"

"Si mimi huyo?"

"Mapafu haya yameliwa yote mawili. Halafu tazama mtulinga wako kwenye picha mpya. Una kifundo, uliwahi kuvunjika. Huyu hana."

Fundi anajipapasa chini ya shingo. Alianguka akiwa mtoto, mfupa ukaunga vibaya. Anaitazama tena ile picha ya zamani, kifua kile kipana.

"Basi ni mume wangu," anasema polepole. "Kumbe leo amenisindikiza."

Jua halijafika utosini anaporudi. Wifi yake, akisikia yaliyotokea, anaficha uso kwa mtandio.

"Niliwashusha juzi niwafute vumbi, wifi. Nilidhani nimemrudisha kila mtu mahali pake."

"Umewahamisha watu nyumba bila kuwauliza! Njoo, unitafute."

Fundi anafunga kanga kwapani, mabega wazi, na kusimama vivuli vinapopita, kama mteja anayejaribu gauni. Kifua cha kwanza kinatua juu ya chake.

"Usitikisike," wifi ananong'ona. "Hapana. Huyu ni mama. Sogea."

Cha pili kinatua. Mkasi ulipita juu ya mtulinga, ukabakiza upana wa kidole tu. Wifi anaweka kidole juu ya ngozi ya fundi, kwenye kifundo. Kivuli kina kifundo hapohapo.

"Ni wewe," anasema, kisha anaondoa mkono haraka. "Wifi, mbona ngozi yako ni ya baridi hivi?"

Daktari alipopelekewa picha hiyo, doa lilikuwepo, mahali palepale, ukubwa uleule. Fundi hakupasuliwa. Anarudi kupimwa kila baada ya miezi sita. Picha yake sasa iko kabatini, imelazwa kati ya mbao mbili, jina na tarehe vimeshonwa kwenye kitambaa pembeni. Anapanga kuwashonea wenzake pia. "Siku yangu ikifika, sitaki wanichanganye na mtu," anasema.

Mume na mama mkwe wamerudi dirishani. Tundu la katikati limewekwa kioo.

Wifi anasema asubuhi bado anahesabu vifua vitatu ukutani. Fundi anasema cha tatu ni kivuli chake mwenyewe anaposhona.

Wifi amehamia chumba cha nyuma.