Bidoni ya Baridi Kutoka Milimani

Enzi zetu watoto wa Kasongo tulikuwa na feni moja tu, kipande cha mkeka: unapepea mwenyewe, na kupepea kwenyewe kunakutoa jasho. Kisha baba akaondoa manyasi juu ya nyumba, akaezeka mabati, wa kwanza mtaani. Tulijivuna juma zima. Halafu jua likaingia ndani na kukaa kama mgeni asiyeaga.

Babu, mzaa baba, yalimshinda. Alikuja kuishi kwetu baada ya kufiwa, akitokea milimani, ng'ambo ya Kabambare, ambako watu huamka wakaota moto. "Mutoto wangu," alimwambia baba, "hii nyumba iko muzuri, lakini inapika watu. Nitarudi kwetu." Mimi aliniita muke wake, na kipande cha mwisho cha muhogo kilikuwa changu siku zote. Sikuwa tayari kuachika nikiwa na miaka tisa.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kadiri unavyopanda juu, ndivyo hewa inavyopoa. Basi baba mdogo alipokwenda milimani kwa baiskeli kununua maharage, nilimpa bidoni, dumu tupu la mawese: aijaze baridi ya alfajiri kule juu, aizibe kwa nta, asiifungue njiani.

Alirudi baada ya siku nane, amenuna. "Kila kijiji wananiuliza nimebeba nini. Nikisema hewa, wanacheka mpaka wanakaa chini!"

Mchana, nyumba nzima ikitazama, nikaifungua bidoni kifuani pa Babu. Ikatoka hewa ya moto yenye harufu ya mawese. Babu akafumba macho. "Aa, muke wangu! Iko baridi ya kwetu kabisa. Funga, isiishe."

Aliiomba kila adhuhuri. Alikaa nasi miaka minne, mpaka tulipomzika. Nyumba haikupoa hata siku moja.

Chuo kikuu nilisoma fizikia mwaka mmoja, nikajifunza kwamba hewa ya mlimani, hata ikishuka yenyewe, hubanwa njiani ikapata joto. Kumbe nilikosea kila upande.

Leo wanangu wana feni ya sola. Wingu likipita tu, feni ikasimama: "Maman, tunakufa!" Wanasema Kasongo haikaliki, wakimaliza shule watahamia Bukavu, kwenye baridi. Nawacheka. Bidoni ninayo bado. Fizikia naijua, lakini juzi nilimwuliza mfanyabiashara mmoja atapita lini Bukavu.